Shajara ya mradi: maneno ya tovuti ya jumuiya ya wafugaji nyuki

Wiki ya 1, Jumatatu

Leo nimeanza kazi niliyokabidhiwa na wasimamizi wa jumuiya yetu: kuyapitia maneno yote yanayoonekana kwenye tovuti, kuanzia majina ya vitufe na menyu hadi maonyo, arifa na ujumbe unaotokea pale jambo linapokwama, kisha kupendekeza maneno ambayo mwanachama atayaelewa bila kumwuliza mtu. Jumuiya yenyewe ni ya wafugaji nyuki. Wanachama huuliza maswali, huweka picha za masega na za wadudu wanaovamia mizinga, hujibizana, na hupanga vikao vya mtandaoni. Wengi hutumia simu, na mara nyingi huifungua tovuti wakiwa na jambo linalowaharakisha, kwa mfano kundi la nyuki linalotaka kuhama. Mtu wa namna hiyo hana muda wa kukisia maana ya kitufe.

Sikuanza kwa kutafuta maneno mazuri. Nimeanza kwa kuyakusanya yaliyopo katika jedwali moja lenye sehemu nne: neno lenyewe, ukurasa linapoonekana, kazi linayoifanya, na mtu anayelisoma wakati huo. Nilipolipanga jedwali kwa kufuata kazi badala ya kurasa, niliona kwamba tendo moja la kuondoa kitu lina majina matatu: "Futa" kwenye majibu, "Ondoa" kwenye picha, na "Toa" kwenye orodha ya watu unaowafuata. Upande wa pili una matatizo makubwa zaidi, kwa sababu neno "Taarifa" peke yake limebeba mizigo minne. Juu ya ukurasa linamaanisha habari mpya zinazokuhusu. Chini ya kila jibu kuna "Toa taarifa", yaani kulilalamikia jibu hilo kwa wasimamizi. Kwenye ukurasa wa mwanachama kuna "Taarifa zangu", yaani jina na anwani ya barua pepe. Na sanduku jekundu linalotokea mambo yanapoharibika lina kichwa "Taarifa". Kila moja kati ya hizo nne ni Kiswahili safi, lakini zikikutana kwenye skrini moja ya simu, msomaji hana njia ya kujua ipi ni ipi.

Hali hii haikuletwa na uzembe. Watu watatu waliandika maneno hayo katika nyakati tofauti, kila mmoja akitatua jambo lililokuwa mbele yake, na hakuna aliyeachiwa orodha ya maneno yaliyokwisha kutumika.

Wiki ya 1, Alhamisi

Nimewaomba wenzangu watano, kila mmoja peke yake, waandike maneno ambayo wangeyaweka kwenye vitufe kumi nilivyowaeleza kwa kazi tu, bila kuvipa majina. Kwa kitufe cha kuanza kuwa mwanachama nilipata "Jisajili", "Jiandikishe", "Jiunge", "Fungua akaunti" na "Anza hapa". Watu watano, majibu matano, na wote wanazungumza Kiswahili kuanzia asubuhi hadi usiku.

Jambo hili limewahi kupimwa kwa uangalifu. Mwaka 1987 watafiti George Furnas, Thomas Landauer, Louis Gomez na Susan Dumais walichapisha katika jarida la Communications of the ACM uchunguzi wao kuhusu maneno ambayo watu huyachagua ili kuvitaja vitu na amri za kompyuta. Waliona kwamba uwezekano wa watu wawili kuchagua neno lile lile kwa kitu kile kile ulikuwa chini ya asilimia 20 katika kila fani waliyoipima. Maana yake kwetu ni nzito: hata tukilichagua neno lililo bora kuliko yote, wengi wa wanachama wangalitaja jambo hilo kwa neno lingine. Kwa hiyo haifai kutumia mwezi mzima tukibishana kama ni "jisajili" au "jiandikishe". Linalofaa ni kuchagua moja, kulitumia mahali pote bila kulibadilisha, na kuyapokea yale mengine yote kwenye kisanduku cha kutafutia.

Hili la mwisho ndilo ambalo watafiti wale walilipendekeza, nami nimeliandika kama hitaji la kwanza la mradi. Mtu akitafuta "nywila" kwenye ukurasa wa msaada, apelekwe kwenye maelezo ya "nenosiri", na akiandika "neno la siri" au "paswedi" afike pale pale. Tovuti itasema neno moja, lakini itasikiliza mengi.

Wiki ya 2, Jumanne

Leo nimekaa na mzee mmoja mwanachama, mfugaji wa miaka mingi, ambaye alikubali kutumia tovuti mbele yangu huku akisema kwa sauti yale anayoyafikiri. Nilimwomba aingie, aulize swali moja, kisha aiache akaunti yake salama kwa sababu simu aliyokuwa akiitumia ni yangu. Aliingia vizuri na kuuliza vizuri. Alipofungua menyu ili aondoke, kidole chake kilisimama juu ya kitufe kilichoandikwa "Toka", akanigeukia.

"Mwanangu, hapa ninafukuzwa?"

Nilimwambia hapana, mzee wangu, hiyo ndiyo njia ya kuifunga akaunti ukimaliza. Hapo nikaongeza kosa juu ya kosa, kwa sababu aliposikia "kuifunga akaunti" alidhani kwamba ataipoteza na maswali yake yote yatapotea nayo.

Nimelifikiria tukio hili siku nzima. Neno "toka" halina makosa ya sarufi, na ndilo kinyume sahihi cha "ingia". Lakini likisimama peke yake, kwa amri, bila kutajwa mahali pa kutoka, masikio ya Mswahili yanalisikia kama neno la kumwondoa mbwa mlangoni. "Ingia" halina tabu hiyo, kwani kumwambia mtu "ingia" ni kumkaribisha. Maneno mawili yanayopingana katika kamusi hayalingani uzito yanapotamkwa mbele ya mtu. Nimependekeza "Toka kwenye akaunti", maneno matatu badala ya moja, na chini yake, kwa herufi ndogo, "Unaweza kuingia tena wakati wowote". Mtaalamu wetu wa programu amelalamika kuhusu nafasi kwenye menyu, na lalamiko lake ni la haki, lakini tumekubaliana kuipanua menyu.

Wiki ya 2, Ijumaa

Mada ya leo ni "Tuma". Mwanachama mmoja aliandika swali akitaka limfikie msimamizi peke yake, akaweka humo namba yake ya simu na maelezo ya mahali mizinga yake ilipo, akabonyeza "Tuma". Ujumbe ukawa wazi kwa kila mtu. Uliondolewa baada ya muda, lakini aliyetaka kuusoma alikuwa ameshausoma. Tulimwomba radhi, na ninaamini kosa lilikuwa letu na si lake, kwa sababu katika Kiswahili cha kila siku kitu hutumwa kwa mtu. Barua hutumwa kwa mtu, fedha hutumwa kwa mtu, salamu hutumwa kwa mtu. Kitufe kinachosema "Tuma" bila kumtaja mpokeaji kinamwachia msomaji amweke mpokeaji aliye moyoni mwake.

Sasa kutakuwa na vitufe viwili ambavyo havifanani hata kidogo. Kwenye ujumbe wa faragha: "Mtumie" likifuatwa na jina la mpokeaji. Kwenye mada ya wazi: "Chapisha kwa wote". Niliwahi kufikiri kwamba "kwa wote" ni maneno ya ziada, kwani kuchapisha ni kutangaza, lakini kwa jambo lisiloweza kurudishwa ni afadhali neno moja lizidi kuliko mtu mmoja aumie. Juu ya sanduku la kuandikia pia tumeweka mstari mmoja: "Kila anayefungua tovuti hii ataona utakachoandika." Tumeuweka kabla ya sanduku na si baada yake, kwa maana onyo linalokuja baada ya mtu kumaliza kuandika humkuta ameshaamua.

Wiki ya 3, Jumatatu

Kuna sanduku la uthibitisho linalotokea mtu anapojiondoa kwenye kikao. Linauliza: "Ungependa kughairi ushiriki wako?" na chini yake kuna vitufe viwili, "Ghairi" na "Sawa". Aliyeliandika alikusudia "Ghairi" liwe la kulifunga sanduku bila kufanya lolote, na "Sawa" liwe la kujiondoa. Nilipowaonyesha watu wanne, wawili walibonyeza "Ghairi" wakiamini kwamba wamejiondoa, na mmoja hakubonyeza chochote, akairudisha simu mezani.

Tatizo liko wazi ukilisoma kwa sauti: kitufe kinalijibu swali kwa neno lile lile la swali, lakini kwa maana iliyo kinyume. Nimeliandika upya. Swali: "Je, utashiriki kikao cha Jumamosi?" Vitufe: "Nitashiriki" na "Sitashiriki". Hakuna aliyekosea tena.

Kazi hii ndogo imenifungulia swali kubwa, nalo ni hili: kitufe kinasema kwa sauti ya nani? Kitenzi cha Kiswahili hakiwezi kulikwepa swali hilo, kwa kuwa mtendaji amefungwa ndani ya kitenzi chenyewe. "Ingia" ni tovuti inamwambia mwanachama. "Nitashiriki" ni mwanachama anasema. "Kuingia" ni jina la tendo, halina msemaji. Tovuti yetu ilikuwa ikichanganya sauti hizi zote tatu, na juu yake ikaweka "Akaunti yangu" kwenye menyu na "Akaunti yako" kwenye kichwa cha ukurasa ule ule, kana kwamba akaunti ni mbili. Kanuni niliyoiandika, na ambayo wenzangu wameikubali, ni kwamba tovuti ndiyo inayosema na mwanachama ndiye anayeambiwa, hivyo ni "Ingia", "Hariri", "Akaunti yako". Mwanachama atasema kwa kinywa chake mahali pamoja tu, yaani anapojibu swali aliloulizwa.

Mwenzangu mmoja alihofia kwamba amri nyingi zitasikika kama ukali, akapendekeza "Tafadhali" kila mahali. Tumelibakiza neno hilo pale tu tunapomwomba mwanachama jambo kwa faida yetu, kama kujibu maswali ya maoni. Likiwekwa mbele ya kila kitu, mtu huacha kuliona, na msomaji wa simu hulazimika kulipita ili afike kwenye kitenzi.

Wiki ya 3, Jumatano

Leo nimekutana na jambo ambalo ninaona ndilo kiini cha mradi wote, ingawa kwa nje linaonekana kuwa la mafundi tu.

Ndani ya msimbo wa tovuti, yaani maagizo yanayoiendesha programu, kuna sentensi yenye nafasi tupu: mwanzoni kuna pengo, kisha neno "kimefutwa". Programu hulijaza pengo kwa jina la kitu kilichofutwa. Aliyeandika alifikiria kitu, na kitu ni cha ngeli ya KI-VI, hivyo "kitu kimefutwa" ni sawa. Lakini programu inapojaza majina halisi, inatoka hivi: "Jibu kimefutwa." "Picha kimefutwa." "Ujumbe kimefutwa." Na siku moja, mwanachama alipojiondoa mwenyewe, kurasa za wasimamizi zilionyesha "Mwanachama kimefutwa", maneno ambayo hayafai kuandikwa kumhusu mtu yeyote. Kwa Kiswahili jibu limefutwa, picha imefutwa, ujumbe umefutwa, kiungo kimefutwa, majibu yamefutwa, na mwanachama ameondolewa, tena kwa kitenzi kingine kabisa, kwa kuwa mtu hafutwi.

Mtaalamu wetu wa programu, ambaye ni mtu makini na hakuwa amelijua hili, aliuliza kama tunaweza kuandika "limefutwa/imefutwa/umefutwa" kwa mikwaju. Nilimjibu kwamba hiyo ni kumpa msomaji kazi ya sarufi tuliyoshindwa kuifanya sisi. Jibu la kweli ni kuvunja mazoea ya kuunda sentensi kwa vipande. Kila kitu kinachoweza kufutwa kitakuwa na sentensi yake nzima, iliyoandikwa na mtu tangu mwanzo hadi nukta. Orodha itaongezeka kutoka sentensi moja hadi saba, na gharama yake ni ya mara moja tu.

Kuhusu idadi, kuna msaada ulio tayari. Mradi wa CLDR wa Unicode Consortium, shirika linaloweka viwango vya maandishi ya kompyuta, huorodhesha kwa kila lugha ni namna ngapi za umoja na wingi ambazo programu inapaswa kuzitofautisha. Kijapani kina moja, Kiarabu kina sita, na Kiswahili kina mbili: moja, na nyinginezo. Kwa hiyo "Jibu 1" na "Majibu 4" hushughulikiwa bila shida, mradi sentensi zote mbili ziandikwe kamili. Kwa sifuri hatutaandika "Majibu 0", bali "Bado hakuna jibu. Unaweza kuwa wa kwanza kujibu." Tarakimu pia zinatuokoa na jambo lingine: tungeandika idadi kwa maneno, tungepaswa kupatanisha "watu wawili" na "picha mbili" na "majibu mawili", kisha kukumbuka kwamba sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki.

Palipotukwamisha ni "ujumbe". Wapo wanaoandika "jumbe 3 mpya", na wapo ambao kwao ujumbe hauna wingi. Pande zote mbili zilileta hoja nzuri na mazungumzo yalikuwa marefu. Mwisho tuliugeuza muundo: "Ujumbe mpya: 3". Nukta mbili hizo zimemaliza ubishi, kwa sababu neno limekuwa kichwa na idadi imekuwa maelezo yake, na hakuna tena kinachohitaji kupatanishwa.

Mahali pamoja Kiswahili kimeturahisishia kazi. "Amejibu swali lako" inatosha kwa mwanamume na kwa mwanamke, na hatuhitaji kumwuliza mwanachama jinsia yake ili tuweze kumtaja.

Wiki ya 3, Ijumaa

Kwa ufupi: "Pakia" na "Pakua" zinatofautiana kwa herufi moja, zina maana zinazopingana, na kwenye ukurasa wa picha zilikuwa zimekaa bega kwa bega. "Pakua" tumeiacha, kwa kuwa wengi wameizoea. "Pakia" tumeiondoa, mahali pake pamewekwa "Weka picha". Vivyo hivyo "Hifadhi", ambalo lilikuwa kitufe cha kutunza rasimu na pia jina la ukurasa wa mada za zamani. Kitufe kimebaki "Hifadhi rasimu". Ukurasa sasa ni "Mada za zamani".

Wiki ya 4, Jumanne

Saa. Tovuti ilikuwa ikionyesha muda wa kila jibu kwa namna ya "saa 3 zilizopita". Ukisoma taratibu, upatanisho unakuonyesha kwamba ni muda wa saa tatu, kwani tumeambiwa "zilizopita". Lakini jibu likiwa limekaa saa moja tu, tovuti huandika "saa 1 iliyopita", na hapo sarufi haisaidii, kwa sababu maneno hayo hayo yanaweza kuwa ni muda wa dakika sitini au ni saa moja ile iliyopita, ya asubuhi au ya usiku. Mwanachama mmoja aliyasoma kwa maana ya pili, akashangaa kuona jibu limeandikwa asubuhi na mapema ilhali swali lake aliliuliza mchana.

Dakika tumeziacha kama zilivyo, kwa kuwa "dakika 10 zilizopita" haina utata. Kuanzia saa moja na kuendelea tutaonyesha wakati wenyewe: "Leo, saa 3:20 asubuhi", "Jana, saa 2:05 usiku", na baada ya hapo tarehe kamili.

Kwa vikao hatari ni kubwa zaidi, maana mtu akikosea muda anakosa kikao. Programu huhesabu siku kuanzia usiku wa manane na kuandika 20:00. Msomaji wetu husema saa 2 usiku. Kuandika "saa 20:00" ni kuchanganya hesabu mbili, na kuandika "8:00 usiku" ni hatari kabisa, kwa kuwa wengine wataisoma kuwa ni saa nane za usiku, yaani saa sita kamili baada ya wakati uliokusudiwa. Tumeamua kuandika zote mbili pamoja, "saa 2:00 usiku (20:00)", na kuacha tarehe isemwe kwa tarakimu pembeni yake. Tarehe hiyo si ya urembo. Wapo wasomaji ambao kwao "usiku wa Jumamosi" ni ule unaoianza Jumamosi, yaani ule ambao wengine huuita usiku wa kuamkia Jumamosi, na hakuna upande ulio na makosa.

Wiki ya 4, Alhamisi

Nimezipitia sentensi zinazotokea mambo yanapoharibika. Ile inayotokea mara nyingi kuliko zote ilikuwa "Hitilafu imetokea. Jaribu tena baadaye." Nilifuatilia kwenye msimbo ni lini hasa hutokea, nikakuta kwamba sababu mojawapo ni picha kuwa kubwa kuliko kiwango. Kwa hiyo mtu aliyepiga picha ya wadudu ndani ya mzinga wake aliambiwa arudi baadaye, akarudi baadaye na picha ile ile, akaambiwa tena arudi baadaye. Kuisoma hali hiyo kulinihuzunisha. Mwongozo wa WCAG, unaotolewa na shirika la W3C kwa ajili ya tovuti zinazoweza kutumiwa na watu wote, unataka kosa litambulishwe kwa maandishi na mtu aelezwe namna ya kulirekebisha pale inapojulikana. Sentensi mpya ni hii: "Picha hii ni kubwa mno. Mwisho ni megabaiti 5. Ipunguze au chagua nyingine." Mambo matatu kwa mpangilio: kilichotokea, mpaka uko wapi, na la kufanya sasa.

Pamoja na hayo, kuna mahali ambapo uwazi una mipaka yake. Kwenye ukurasa wa kuingia nilitaka kuandika "Nenosiri si sahihi" pale nenosiri lilipokosewa, na "Barua pepe hii haijasajiliwa" pale anwani isipojulikana. Mtaalamu wa programu alinizuia, na alikuwa na haki, kwani sentensi hizo zingemwezesha mgeni kuziandika anwani za watu moja baada ya nyingine na kujua nani ni mwanachama. Mwongozo wa OWASP, shirika linaloshughulikia usalama wa programu, kuhusu usalama wa kuingia unashauri ujumbe wa aina moja kwa hali zote mbili. Tumeandika: "Hatukupata akaunti yenye barua pepe na nenosiri hilo kwa pamoja. Yahakiki, au omba nenosiri jipya." Ni kweli, haimwambii mgeni lolote, na mwenye akaunti anapata njia ya kuendelea.

Nimeliondoa pia "si sahihi" kwenye kurasa zote. Mwanachama mmoja alipoona "Namba ya uthibitisho si sahihi" aliuliza kama alitakiwa kutia sahihi mahali fulani. Katika lugha yetu sahihi ni usawa wa jambo, na ni saini pia. Sasa tunaandika "Namba hiyo siyo. Angalia tena ujumbe tuliokutumia."

Wiki ya 5, Jumatatu

Leo nimeisikiliza tovuti badala ya kuitazama. Mwanachama mmoja ambaye haoni hutumia kisoma skrini, programu inayoyasoma maandishi kwa sauti, na alinionyesha anavyofanya ili kufika haraka: huiamuru programu ivitaje viungo vyote vya ukurasa, kimoja baada ya kingine. Kwenye ukurasa wetu wa mwanzo nilisikia: "Soma zaidi. Soma zaidi. Soma zaidi. Bofya hapa. Soma zaidi." Alisubiri kwa subira hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba kwa kawaida hapo huondoka.

Viungo vyote vimeandikwa upya ili kila kimoja kijieleze hata kikitengwa na maandishi yaliyokizunguka, na njia rahisi ilikuwa kukitumia kichwa cha mada chenyewe kuwa kiungo. "Bofya hapa" imefutwa kila mahali, na si kwa ajili ya wasioona peke yao. Anayetumia simu habofyi, anagusa, na neno "hapa" halimwambii kitu anayeupitisha macho ukurasa kwa haraka. Jambo jingine alilonifundisha ni kwamba jina lililofichwa kwa ajili ya kisoma skrini lilikuwa tofauti na lililoandikwa kwenye kitufe. Kitufe kinasema "Chapisha kwa wote", yeye anasikia "Wasilisha fomu". Anayeiongoza simu kwa sauti atatamka anachokiona, na simu haitamwelewa. WCAG ya mwaka 2018, toleo la 2.1, iliongeza sharti la jina linaloonekana kuwemo ndani ya jina linalosomwa na programu, na sasa ninaelewa kwa nini.

Wiki ya 5, Alhamisi

Tumerudi kwenye "Taarifa" na mizigo yake minne. Habari mpya zimekuwa "Arifa". "Taarifa zangu" ni "Akaunti yako". Sanduku jekundu halina kichwa tena, sentensi yake inatosha. Kwa kulalamikia jibu nilipendekeza "Ripoti", lakini mmoja wa tuliowapima alidhani kwamba atatakiwa kuandika ripoti, kitu kirefu chenye kurasa, akaacha. Mwingine alisema hataki kumshitaki mtu. Baada ya kulizungusha kwa siku tatu tumefika kwenye "Waambie wasimamizi". Ni refu. Lakini linasema nani ataambiwa, na halimfanyi mwenye kuambia ajione mshitaki.

Jedwali lenyewe sasa limepata sehemu ya tano, maelezo ya kila neno kwa atakayekuja baada yangu. Wazo hili nimelipata kwa wafasiri wa MediaWiki, programu inayoiendesha Wikipedia. Kwao kila sentensi ya kiolesura, yaani inayoonekana kwenye skrini, huwa na maelezo yake, inaonekana wapi na kwa kusudi gani, na maelezo hayo huwekwa chini ya msimbo "qqq" kana kwamba ni lugha moja zaidi. Kwa "Toka kwenye akaunti" nimeandika: lisifupishwe kuwa "Toka".

Wiki ya 6, Jumatano

Maneno mapya yamewekwa kwenye tovuti leo asubuhi, isipokuwa ya kurasa za wasimamizi. Yaliyobaki ni matatu. "Fuata" bado linawachanganya watu kati ya kumfuata mtu na kufuatilia mada, nami ninaelekea kwenye "Fuatilia mada hii", lakini sijalipima. "Zuia" na "Nyamazisha" zinahitaji sentensi ya maelezo chini yake, ili mtu ajue kama aliyezuiwa ataarifiwa. Na orodha ya visawe kwenye kisanduku cha kutafutia ina maneno machache mno. Kuanzia kesho nitasoma kila siku yale ambayo watu wameyatafuta bila kupata kitu, na kuyaongeza moja moja.